Jirani anakula hela ya TASAF: useme au unyamaze?

Siku ya malipo ya TASAF, mfuko wa serikali unaozisaidia kaya maskini, mtaani kwetu unaijua kwa viti. Alfajiri tu baraza ya ofisi ya mtaa imejaa viti vya plastiki vilivyoazimwa kwa mama ntilie, na waliokaa ni wanawake, wengi wao mabibi, kila mmoja na kitambulisho chake cha mlengwa kimefungwa kwenye pindo la khanga. Ng'ambo ya barabara, penye kibanda cha mkaa, wamesimama wasioitwa. Hawa hawana la kufanya pale zaidi ya kutazama, na mtu akisimama saa nzima kutazama wenzake wakihesabiwa noti, ulimi hauchelewi.

"Yule naye kaya maskini? Ana bati, ana pikipiki!"

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, na sitajitakasa: jioni niliyarudia mezani kwangu. Aliyesemwa ni mama wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Bati lake lilikuwa jipya kiasi kwamba saa sita mchana huwezi kulitazama, na kila usiku pikipiki nyekundu ililala chini ya mwarobaini wake, imefungwa mnyororo kwenye shina. Wiki ile nilifika mahali pa kushika simu nimtafute wa kumwambia. Sikupiga. Wala si kwa wema. Mgeni alibisha hodi, tukazungumza mengine, nikalala.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi tangu siku ile, kwa sababu naona tunaliuliza vibaya. Tunauliza: jirani anapokea msaada asiostahili, nimripoti au nimwache? Kana kwamba sehemu ya kwanza ya sentensi tumekwisha kuijua.

Kiswahili kina maneno mawili kwa tendo hili moja. Ofisini wanasema kutoa taarifa. Mtaani wanasema kuchongea. Bango la serikali linakuomba ufanye la kwanza, jirani yako atasikia umefanya la pili, na wote wawili wanazungumzia simu ileile uliyopiga. Hakuna mtoto wa Kiswahili aliyewahi kusifiwa kwa kuchongea. Hata mwalimu anayefaidika na habari za mchongezi humtazama kwa jicho la pembeni. Wasomi wetu huita tabia hii utamaduni wa kulindana, na mara nyingine kweli ndivyo. Lakini kuna uzoefu ndani yake ambao si wa kuudharau.

Waliokuwa na akili zao mwaka 1983 wanaukumbuka. Ile vita dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianza na kilio cha haki kabisa. Maduka yalikuwa matupu, sukari na sabuni vinauzwa uchochoroni, na wakubwa wa magendo walijulikana. Raia wakaombwa kuwataja walanguzi, wakawataja. Wakawataja wenye maghala, na wakamtaja pia mwenye katoni moja ya sabuni ya kufulia. Watu walitupa mali usiku, mitoni na vichakani, kwa hofu ya kukutwa nayo. Babu yangu mzaa mama alikuwa na duka la kutundika, si la kuingia. Alituonyesha mahali nyuma ya choo alipofukia sabuni zake, na kila alipotuonyesha alimtaja kwa jina mtu aliyeamini kuwa ndiye aliyempeleka kwa balozi wa nyumba kumi: mteja aliyekuwa anadaiwa. Kama kweli ni yeye hakuna ajuaye. Mwaka uliofuata sheria ile ilifutwa ikaja nyingine, lakini nyumba zile mbili hazikuzikana mpaka babu alipokufa.

Basi unapomwambia Mtanzania wa umri fulani "mripoti jirani yako", unamgusa hapo.

Sasa turudi kwenye hela yenyewe. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulizinduliwa mwaka 2012, ukiwa awamu ya tatu ya TASAF, na ukakua hadi kufikia kaya zaidi ya milioni moja. Katika kipindi kile cha kwanza kaya ilipata ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi. Yenye watoto iliongezewa 4,000, halafu ziko nyongeza za mahudhurio ya kliniki na shule. Kaya iliyotimiza kila sharti, yenye watoto wa ngazi zote, haikuvuka shilingi 38,000 kwa mwezi, na malipo yalitoka kila baada ya miezi miwili. Baadaye viwango vilipandishwa. Nazitaja tarakimu hizi kwa sababu ukiwasikiliza watu wa kibanda cha mkaa unadhani mtu amepewa kiwanja Masaki.

Na jina linaingiaje? Hapa ndipo penye kiini, na ndipo wengi wetu hatupajui ingawa tulikuwepo. Kwanza mkutano wa kijiji, mtaa au shehia hukaa, wanajamii wenyewe wakataja vigezo vyao vya umaskini na kuzitaja kaya zinazoangukia humo. Halafu wanakuja watu na dodoso, nyumba kwa nyumba: ukuta wa nini, paa la nini, mnapikia nini, mko wangapi, nani anasoma, nani anafanya kazi, mna mifugo? Majibu yanaingizwa kwenye mfumo, mfumo unakadiria hali ya kaya na kuchuja. Mwisho orodha inarudi mkutanoni isomwe na kuthibitishwa. Kuna kamati ya usimamizi ya jamii, kuna mtendaji, kuna waratibu wa halmashauri.

Tazama basi ni wapi mama wa nyumba ya tatu angeweza kudanganya peke yake. Angeweza kumhamishia kaka yake mbuzi wiki ya dodoso. Angeweza kumtenga bibi kwenye chumba cha uani na kudai ni kaya nyingine, ili nyumba moja ipokee mara mbili. Angeweza kuhesabu watoto wa dada yake waliokuja likizo. Haya hutokea, na ni udanganyifu, tusiuite jina jingine. Lakini paa hawezi kulificha. Pikipiki ya mtoto wake pia mtaa mzima unaiona. Kama alikuwa navyo siku ya kuandikishwa na bado jina likapita, basi limepita mbele ya mkutano, mbele ya mwenye dodoso, mbele ya kamati, na mbele yangu mimi ambaye siku orodha inasomwa nilikuwa nyumbani natazama mpira. Na jina la marehemu, au la mke wa kiongozi, haliingizwi na bibi mwenye khanga. Hilo linataka kalamu ya ofisi.

Mwaka 2016 serikali ilipofanya uhakiki, maelfu ya kaya ziliondolewa. Sababu zilizotajwa zilikuwa za kila namna: walengwa waliokufa, waliohama, wasiotokea kwenye malipo, viongozi wa vijiji na wajumbe waliojiandika wenyewe, na kweli, wasio maskini. Sisi mtaani tulichokishika ni hicho cha mwisho tu. Neno "kaya hewa" likawa tusi la kumtupia yeyote mwenye televisheni.

Bati linastahili aya yake. Tangu mwanzo walengwa wanahimizwa wasiile ruzuku yote, wajiunge na vikundi vya kuweka na kukopa, wafuge kuku, kutoka kuku waende mbuzi, warekebishe nyumba. Katika taarifa za mafanikio utakuta picha ya mama mbele ya nyumba aliyoiezeka upya, anatabasamu. Kaya ikishapiga hatua inatathminiwa na ikifikia kiwango inahitimu, inatoka. Kwa hiyo kati ya siku ya kuezeka na siku ya kuhitimu kuna kipindi ambacho mlengwa ana bati na bado anapokea, kihalali kabisa, kwa sababu ndivyo mpango ulivyomwelekeza. Bati lilelile ni ushahidi wa mafanikio ofisini, na ushahidi wa wizi kwenye kibanda cha mkaa.

Kuhusu pikipiki nilikuja kujua nusu. Haikuwa ya kijana wake. Ilikuwa ya tajiri mmoja wa mjini, kijana anaendesha kwa mkataba, kila jioni anapeleka hesabu, na siku akipungukiwa anaongezea kwa alichokula mama yake. Mnyororo ule kwenye shina ulikuwa wa kulinda mali ya mtu. Hilo niliambiwa na kijana mwenyewe tukiwa tumekaa foleni ya maji, bila kumuuliza. Lakini bati? Bati sijui lilitoka wapi. Wapo wanaosema binti yake yuko Oman anafanya kazi za ndani. Wapo wanaosema mengine. Mpaka leo siwezi kukuambia kama yule mama alistahili au la, na mimi ni jirani wa nyumba ya tatu. Napenda msomaji alipime hilo, maana hoja yote ya kuripotiana inasimama juu ya imani kwamba jirani anajua.

Ndugu zetu walioko Uingereza wanalijua jambo hili kwa sura nyingine. Kule kuna laini ya simu na fomu ya mtandaoni ya kumripoti anayeshukiwa kula posho za serikali kwa udanganyifu, na huhitaji kutaja jina lako. Kati ya 2010 na 2015 idara husika, DWP, ilifunga zaidi ya malalamiko milioni moja ya namna hiyo. Zaidi ya manane katika kila kumi hayakuwa na ushahidi wa kutosha. Si kwamba Waingereza wote ni waongo. Jirani anaona mtu anatoka asubuhi amevaa sare ya kazi. Haoni kwamba posho ya Universal Credit mtu anaweza kuipata huku akiwa kazini, kipato kikipanda inapungua. Anaona mwenye posho ya ulemavu amebeba mifuko ya sokoni. Hajui kwamba malipo yale yaitwayo PIP hayaulizi kipato, wala haoni siku tatu ambazo mtu huyo hakutoka kitandani. Jirani anaona maisha ya mwenzake. Faili lake haoni, na kosa la udanganyifu liko kwenye faili, katika tofauti ya alichotangaza na kilichopo.

Hata hivyo nisije nikaeleweka kwamba jirani hana analojua. Indonesia walijaribu jambo hili katika vijiji 640, matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Kwingine walengwa walichaguliwa kwa dodoso la mali, kwingine wanakijiji walikaa mkutanoni wakawapanga wenzao kuanzia maskini kuliko wote. Ukipima kwa matumizi ya fedha, dodoso lilikaribia ukweli zaidi kidogo. Lakini pale walipochagua wenyewe, watu waliridhika zaidi na orodha, na ilionekana wanapima umaskini kwa kipimo kingine: nani mjane, nani nguvu zimemwishia hata kama leo amekula. Na wakubwa wa kijiji hawakuonekana kuteka orodha kwa faida yao, kinyume na walivyotarajia wengi. Ninachokiona hapo ni kwamba maarifa ya jirani ni mazuri yakisemwa mbele za watu, mwingine akiwepo wa kusema "hapana, yule pikipiki si yake". Yakisemwa kwa kunong'ona, hakuna wa kuyasahihisha.

Wapo watakaonijibu kwamba haya yote ni kisingizio cha kunyamaza, na nawaheshimu. Hela hii ina mwenyewe. Awamu iliyozinduliwa mwaka 2020 ilitegemea kwa sehemu kubwa mkopo wa dola milioni 450 kutoka Benki ya Dunia, na mkopo hulipwa na wajukuu. Halafu nafasi hazitoshi. Miaka ya mwanzo mpango ulifika kwenye takriban asilimia 70 ya vijiji, mitaa na shehia. Waliobaki walisubiri hadi baada ya 2020. Hata ulipofika, jina lisilostahili linakalia kiti cha mtu. Anayesema "hela ya serikali, wacha ale" hajamwibia serikali. Amemnyang'anya bibi mwingine aliyeko mtaa huohuo.

Hoja hii inanishika, na ndiyo iliyonigeuza. Kama aliyeumizwa ni yule aliyeachwa nje, kwa nini macho yetu yote yako kwa aliyeingia?

Mtaani kwetu, ng'ambo ya mfereji, yuko mzee anaishi na wajukuu wawili kwenye banda lililozibwa kwa mifuko ya saruji. Anashona viatu pale njia panda siku ambazo mikono haitetemeki. Hayumo kwenye orodha. Siku ya dodoso alikuwa amelazwa, na wajukuu waliobaki nyumbani hawakujua kujibu. Katika miezi yote ile tuliyolisema bati la mama wa nyumba ya tatu, sikumbuki hata mmoja wetu kwenye kibanda cha mkaa aliyemtaja mzee huyu. Nilimkumbuka siku nilipompelekea kiatu.

Kwa hiyo msimamo wangu, kwa anayeutaka, ndio huu. Ukijua kuwa kiongozi anapokea kwa jina la marehemu, au bibi anapewa pungufu kisha anaambiwa aweke dole gumba, usisubiri mkutano. Hiyo ni rushwa na wizi, TAKUKURU wana namba ya bure, 113, na tangu mwaka 2015 tuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Kama sheria hiyo inamfikia mtu wa kijijini anayekutana na mtendaji kila siku kisimani, ni jambo la kulijadili kwa makala nyingine, lakini ipo. Aliye na cheo anaweza kujitetea. Ana ofisi, ana mihuri, ana shemeji halmashauri.

Jirani mnyonge mwenzako ambaye unamshuku tu, huyo simpigii simu. Anaweza kuondolewa kwa neno langu kabla sijajua lolote, na kumrudisha mtu kwenye orodha ni kazi ya miezi. Sura ya Al-Hujurat inakataza dhana, kupelelezana na kusengenyana katika aya moja, ya 12, na sisi wa pwani tunaisoma sana, tunaifuata kidogo. Ningependelea kwenda mkutanoni. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria hukaa kila baada ya miezi mitatu, na mitaa nayo ina mikutano yake. Pale usisimame kusema "fulani atolewe". Simama useme "mzee wa ng'ambo ya mfereji hayumo, nataka kujua kwa nini". Swali hilo halihitaji upeleleze sufuria ya mtu. Na watakapokujibu kwamba nafasi zimejaa, kama wanavyojibu siku zote, hapo ndipo unapoomba orodha isomwe upya, jina kwa jina, kwa sauti, mbele ya wenye majina. Kama kuna kaya hewa itasikika. Kama kuna mke wa mjumbe, naye atasikika, na mkutano utamtazama mjumbe wala si wewe.

Najua udhaifu wa njia hii. Mikutano yetu akidi haitimii. Wenye njaa hawana muda wa kukaa, na mwenyekiti anajua kufunga ajenda kabla ya "mengineyo". Yupo pia atakayeona umemtumia mzee wa watu kumpiga jirani kwa mgongo wa nyuma, na huenda kwa baadhi yetu itakuwa kweli. Mimi mwenyewe nilipoanza kulipanga swali langu, sura iliyonijia kichwani haikuwa ya mzee. Ilikuwa bati.

Mkutano wetu umetangazwa Jumamosi saa nne, maana yake saa tano na nusu. Orodha imebandikwa ukutani tangu wiki iliyopita, upande wa chini umelowa mvua, majina ya mwisho hayasomeki. Nimemwomba kijana wa pikipiki ampitie mzee amlete, nimempa ya mafuta. Kijana ameuliza mkutano unahusu nini. Nikamwambia unahusu TASAF. Akanyamaza kidogo, akauliza kama mama yake naye aje.

Nikamwambia aje, na afike mapema, viti ni vichache.